Baridi yabisi mwaka wa 7, sasa sikio linavuma na dari linazunguka. Ni ugonjwa au ni hizi dawa?

BintiNgamiani

Habari zenu humu ndani, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mie nipo Tanga mjini, Ngamiani, fundi cherehani, miaka 44, nina baridi yabisi ile yenyewe ya rumatoidi, siyo ile ya uzee ya magoti. Yangu ilianzia vidole, naamka asubuhi mikono imekakamaa hata kishikizo cha blauzi sifungi mpaka saa nne. Huu mwaka wa 7. Natumia methotreksati ya kutuliza ugonjwa mara moja kwa wiki, kila Ijumaa usiku, na foliki asidi, na haidroksiklorokwini kila siku, ugonjwa ukichachamaa napewa prednisoloni kwa muda, na nisiwe muongo, katikati hapo nameza na diklofenaki za maumivu za dukani maana nguo za watu zina tarehe na harusi haingoji vidole vyangu.

Sasa kilichonileta. Ramadhani iliyopita sikio la kushoto lilianza kulia nyiiiii kama nyenje kwenye mwembe, usiku nyumba ikinyamaza ndio balaa. Nikasema ni swaumu tu na hili joto letu. Ramadhani ikaisha, nikala Idi nikashiba, nyenje bado yumo. Halafu nikaanza kugundua vitu vidogo vidogo, simu nikiweka sikio la kushoto mteja anaongea kama yumo ndani ya mtungi, mwanangu akiniita toka uani mie nageukia mlango wa mbele, siku moja navuka barabara kwenda sokoni bodaboda inapiga honi, honi naisikia kabisa ila sijui inatokea upande gani, basi nikasimama katikati kama mlingoti mpaka yule kijana akanitolea maneno ambayo siyaandiki hapa.

Na kizunguzungu jamani. Kwangu vipo viwili na havifanani. Kuna cha kitandani, nikijigeuza ubavu wa kushoto tu dari linazunguka kama feni, nahesabu ishirini, thelathini, linatulia. Na kuna cha mchana kutwa, hiki hakizunguki, ni kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye boti ya Pemba siku ya kusi, ardhi inakwenda na kurudi. Umeme ukikatika usiku ndio sisemi, natembea nimeshika ukuta na nimeshaanguka mara mbili njia ya kwenda chooni. Baiskeli nimeacha, na mnajua mtu wa Tanga akiacha baiskeli watu wanauliza nani kafa.

Mama mkwe anasema ni upepo huo, kuna mtu kanitupia kitu, twende tukasomewe. Sibishani naye, dua siikatai, nimesomewa na nyenje bado anaimba. Duka la dawa nikaambiwa ni nta, nikapewa matone, wiki mbili nimetia hola. Kliniki ninakochukulia dawa nilimwambia daktari, siku hiyo foleni ilikuwa mpaka nje, akapima presha akasema ipo sawa, kunywa maji mengi. Tarehe yangu nyingine ni miezi miwili mbele.

Naomba mwenye uzoefu anijuze, huu ugonjwa wa viungo unafika mpaka masikioni kweli au hizi dawa ndio zinanila taratibu, maana nimefikia kuwaza niziache zote nione. Na je ningoje hiyo tarehe?

kaka_wa_Duga

Pole sana dada. Ponda kitunguu saumu, chemsha na mafuta ya nazi, yakiwa vuguvugu tia matone matatu kila usiku, bibi yetu katulea hivo hivo na hakuna aliyekuwa kiziwi.

Chumbageni_boy

@kaka_wa_Duga sikio hilo mzee siyo samaki wa kupaka 😂😂

MamaNesi_mstaafu

Mwanangu BintiNgamiani pole. Mimi nimestaafu unesi, miaka yangu mingi ya mwisho nilikuwa chumba cha masikio, pua na koo, kwa hiyo siyo daktari na siwezi kukwambia una nini kwa kusoma maandishi, ila umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokuja wakasema tu "kizunguzungu" wakanyamaza. Hilo neno moja linabeba mambo kumi, ndio maana watu wanaishia kupimwa presha na kuambiwa wanywe maji.

Kwanza usiache methotreksati kwa kuwaza.

Umeuliza ugonjwa wa viungo unafikaje sikioni. Mwanangu, sikio nalo lina viungo. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vijifupa vitatu, tulisoma shule ya msingi, nyundo, fuawe na kikuku, hivyo vimeshikana kwa viungo vidogo mno lakini ni viungo vyenye utando na ute ndani kama vya vidole vyako, kwa hiyo rumatoidi inayokakamaza kidole inaweza kukakamaza na hapo. Ila kinachoonekana zaidi kwa watu wa ugonjwa huu ni tatizo la ndani zaidi, kwenye ile sehemu iliyojiviringa kama konokono inayogeuza mtetemo wa sauti uwe ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Mishipa ya damu inayolisha pale ni myembamba sana, na kinga ya mwili ikishachachamaa na kushambulia nyumbani kwake haichagui chumba. Wenye rumatoidi wanakutwa na upungufu wa kusikia mara nyingi zaidi ya watu wa umri wao wasio nayo, na wengi hawajijui kwa sababu inakuja polepole na mtu anaona watu wanaongea chini chini siku hizi.

Dawa nazo zimo. Haidroksiklorokwini ni mara chache lakini inaweza kuleta mlio na kupunguza usikivu, ndio maana isiwe macho tu yanayoangaliwa. Hizo diklofenaki na ndugu zake, na aspirini ukiimeza nyingi, zinavumisha masikio, kwa aspirini kwa kawaida ukiacha mlio unaondoka. Wakubwa wenzangu mnakumbuka kwinini, unameza huku masikio yanavuma kama umeweka kichwa kwenye mzinga, ni jambo la namna hiyo hiyo. Kibaya kuliko zote ni sindano za jentamaisini, hizo zinaweza kuua mizani ya sikio na isirudi tena, kwa hiyo kama ulichomwa karibuni kwa ugonjwa wowote mwambie daktari. Halafu kuna jambo watu hawalifikirii, diklofenaki za dukani zinachubua tumbo, tumbo linavuja damu kidogo kidogo bila wewe kujua, damu inapungua, na mtu asiye na damu ardhi inamyumbia. Pima damu kabla hujamsingizia jini.

Sasa vizunguzungu vyako viwili. Cha kitandani, kinachokuja ukijigeuza na kuisha chini ya dakika moja, mara nyingi ni chembe. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa ambazo kazi yake ni kukujulisha umeinama au umesimama, zikibanduka zikaingia kwenye vile vijifereji vitatu vya nusu duara basi kila ukigeuza kichwa zinateremka na kukudanganya kwamba unazunguka. Hicho kinatibika bila kidonge, lakini kumbuka kitu kimoja, chembe peke yake hazipunguzi kusikia. Kwa hiyo wewe ukisema sikio limefifia ujue kuna jambo la pili limekaa pembeni yake, usikubali mtu akuambie ni chembe tu basi imeisha.

Cha mchana kutwa. Nikupe mfano wa jikoni. Mwili unasimama kwa mafiga matatu, macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo vya miguu. Chungu hakikai kwa mafiga mawili lakini mwili unajikongoja. Wewe viungo vya miguu ugonjwa umeshavigusa miaka 7, sikio linaonekana limeanza kuyumba, limebaki figa la macho. Umeme ukikatika na hilo limeondoka, unaanguka. Umesema nuru ikizimika ndio kabisa, sentensi hiyo mwambie daktari kama ulivyoiandika hapa.

Jaribu kitu kimoja hapo ulipo. Funga mdomo ugune mmmmm kwa sauti ya kati, sikiliza mguno unakaa sikio gani. Ukihamia sikio bovu, kizuizi huwa kiko huku nje au katikati, nta au vile vijifupa. Ukihamia sikio zima, shida huwa ndani. Hiyo haichukui nafasi ya kipimo ila itakusaidia kujua kama ni wa kungoja.

Na swali langu kwako ndio kubwa, sikio lilififia taratibu kwa wiki nyingi au uliamka siku moja likawa halipo?

LupasiNaMimi

Nimesoma swali la mwisho la mama hapo juu mwili umenisisimka, naomba niseme yangu.

Mimi nina lupasi, nayo ni kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, nina miaka 31, kwetu Pangani ila naishi Tanga mjini. Miaka mitatu nyuma nililala mzima nimeamka sikio la kulia halipo. Yaani siyo kwamba linasikia kidogo, HALIPO, nikasugua vidole karibu nalo kimya, na kichwa kinazunguka natapika mpaka mchana. Nikaenda duka la dawa, matone ya nta. Siku kumi. Nikarudi nikapewa antibayotiki, siku saba. Nikaambiwa labda mafua yameziba ndani, nivute mvuke. Nikavuta mvuke kama kifuniko cha sufuria. Nilipofika kwa daktari wa masikio ilikuwa wiki ya tano, akanipima akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza ulikuwa wapi siku zote hizi.

Nilivoelezwa ni kwamba sikio likishuka ghafla ndani ya siku tatu hiyo ni dharura kama dharura nyingine, unapewa steroidi za nguvu, zile za jamii ya prednisoloni, haraka, nafasi nzuri ni wiki mbili za mwanzo, baada ya hapo kuna kujaribu sindano ndani ya sikio lakini kila siku inayopita mlango unafungwa. Mimi walinipa, nikarudishiwa kidogo tu, navaa mashine ya sikio na mtu akiongea kwenye kelele sielewi. Naambiwa wenye magonjwa yetu haya kinga yenyewe inaweza kushambulia sikio la ndani, na likianza moja unalinda la pili kama mboni. Na macho yakiwa mekundu yanauma kipindi hicho hicho masikio yanapoharibika usikae hata usiku mmoja, kuna ugonjwa mmoja unaitwa wa Cogan unakula macho na masikio pamoja.

Kuhusu kutokujua honi inatoka wapi, shoga yangu hiyo ni ya sikio moja, ubongo unapima sauti imefika sikio lipi kwanza, ukibaki na moja huna cha kulinganisha. Mimi sasa hivi kwenye daladala nakaa upande ambao sikio zima linaelekea watu, shughulini nakaa kona ukuta uwe upande mbovu, na barabara sivuki kwa masikio, navuka kwa macho, kushoto kulia kushoto tena kama mtoto wa chekechea, watu wacheke wanavyotaka.

Tarehe ya miezi miwili USINGOJE.

kaka_wa_Duga

Sasa si mnaona wenyewe mnasema dawa zinaharibu masikio. Aache zote apumzishe mwili, miti shamba ipo, Usambara pale imejaa.

LupasiNaMimi

Kaka yangu mimi niliacha. Miezi mitatu nilijisikia malaika, mwezi wa nne figo. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

BintiNgamiani

Mama nesi Mungu akupe umri, hiyo ya mafiga nimemsomea mama mkwe kwa sauti akasema huyo anajua. Na wewe mdogo wangu Lupasi pole mno.

Majibu yangu. Halikuondoka siku moja, lilififia, labda wiki sita saba, ila mlio ndio ulikuja siku moja. Jentamaisini sijachomwa. Macho hayajawa mekundu. Nimeguna mmmm mara kumi mpaka watoto wanacheka, mguno unakwenda KULIA, kwenye sikio zima. Kwa hiyo shida ya ndani siyo?

Halafu kuna kijana jirani hapa anafundisha mazoezi, nimemwambia habari ya chembe akasema anaijua, ameona video, mtu analazwa kwa kasi kichwa kinaning'inia nje ya kitanda kinageuzwa kulia kushoto chembe zinarudi mahali pake. Anasema leo jioni anakuja kunifanyia bure. Nilitaka nimkubalie maana kitandani nimechoka.

Mwana_wa_Sahare

DADA USIKUBALI. Mwambie leo umesafiri.

Baba yangu ana rumatoidi zaidi ya miaka ishirini. Alipata kizunguzungu, akaja mtu wa kunyoosha viungo, siyo mtu mbaya, watu wanamsifia mtaa mzima, akamshika kichwa akakigeuza mara moja tu kwa nguvu. Baba akasema kama umeme umempita kutoka shingoni mpaka kwenye vidole vya mikono yote miwili. Kuanzia hapo kikombe cha chai hakishiki vizuri. Picha ilionyesha pingili mbili za juu kabisa za shingo, zile zinazobeba kichwa, zimeachiana, kano inayozishika imelegea, na daktari akasema haikulegea siku hiyo, ugonjwa ulikuwa unaila miaka na miaka kimya kimya, yule bwana aliikuta imeshachoka. Baba akavalishwa kola ya shingo, ikabidi tuhangaike Dar. Yupo hai alhamdulillah, anatembea, ila mikono haikurudi kama zamani.

Sisi hatukuwahi kuambiwa kwamba ugonjwa wa vidole unakaa na shingoni. Nyie mnaoumwa ugonjwa huu shingo yenu siyo ya kuchezewa na mtu yeyote, hata kinyozi wale wanaokuvunja shingo mwishoni ukimaliza kunyolewa, mwambieni aache. Najua dada hunyolewi ila wanaume wanasoma humu.

MamaNesi_mstaafu

Ahsante sana Mwana_wa_Sahare, na mpe baba pole. Hilo nilipaswa kuliandika mwanzo, nimejilaumu.

Ile tiba ya kugeuza kichwa siyo uongo, aliibuni daktari wa Marekani anaitwa John Epley na inafanya kazi vizuri mno, nimeona watu wanaingia wameshikwa mkono wanatoka wanatembea wenyewe. Tatizo siyo tiba, tatizo ni shingo ya mwenye rumatoidi. Kabla mtu hajakuning'iniza kichwa ipigwe picha ya shingo, moja umeinama na moja umeinua kidevu, maana ukikaa wima tu zile pingili zinaweza kuonekana hazina neno. Na hata shingo ikiwa mbovu bado kuna njia, anayejua atakulaza ubavu mwili mzima kwa pamoja, shingo isikunjwe, unateremshwa kama gogo. Kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba una rumatoidi, kwa sababu wa masikio haoni vidole vyako na wa viungo haangalii masikio, kila mmoja anashika kipande chake.

Ukiona ganzi mikononi, umeme unapita ukiinamisha kichwa, au maumivu ya kisogo yasiyoisha, hiyo nenda siku hiyo hiyo. Vile vile kizunguzungu kikija na mdomo kwenda upande, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kabisa kusimama, hapo siyo sikio tena, ni ubongo, kimbilia dharura.

Mguno kwenda kulia, ndiyo, unaelekeza ndani ya sikio la kushoto. Nenda hospitali ya Bombo asubuhi, beba dawa zako zote ndani ya mfuko, usizikariri majina, zibebe, na omba barua ya kwenda kupimwa usikivu. Na diklofenaki weka chini, isitoshe haikai vizuri na methotreksati kwenye figo bila mtu kukuangalia.

Chumbageni_boy

Uzi umeanza na kitunguu saumu umefika kwenye pingili za shingo. Nimejifunza leo. Bi mkubwa wangu ana baridi yabisi na kila siku tunamgombeza kwanini anaweka redio juu.

BintiNgamiani

Nimerudi, wiki ya nne hii, niliahidi ntaleta majibu.

Kijana wa mazoezi nilimwambia nimesafiri kama mlivyonifundisha, kesho yake akanikuta dirishani nashona, aibu yangu, nikamweleza ukweli akaelewa. Bombo nilikwenda, mfuko wa dawa mkononi, nikaandikiwa rufaa Muhimbili. Safari yenyewe ya basi nilikaa mbele macho barabarani muda wote maana nikiangalia simu ardhi inaanza.

Kipimo nilidhani ni kitu cha kutisha kumbe unaingia kwenye kijichumba hakuna sauti kabisa, unavalishwa vitu masikioni, ukisikia mlio hata ukiwa mdogo kama wa sindano kuanguka unabonyeza kitufe. Huko ndani kimya kile ndio nimejua nyenje wangu ana sauti kiasi gani, nilikuwa nabonyeza kitufe kwa ajili yake. Kulia nipo kawaida. Kushoto sauti nene nasikia vizuri kidogo, nyembamba zimeshuka mpaka desibeli 55 hivi, akaniambia ndio maana nasikia watu wanaongea ila maneno hayakamatiki, s na sh na f zote zimepotea. Shida ni ya ndani, mguno wa mama nesi haukudanganya.

Damu 8.9, yaani imepungua sana. Nilikuwa natembea na damu 8.9 nashona magauni ya harusi. Diklofenaki imekwisha nyumbani kwangu, napewa vidonge vya madini ya chuma na cha kulinda tumbo. Nusu ya lile boti la Pemba limeondoka na damu ilipoanza kupanda, wallahi nilikuwa sijui.

Picha ya shingo walipiga zote mbili, pingili zimeachia kidogo, siyo za kufanyiwa upasuaji sasa ila nimeambiwa isigeuzwe na mtu na irudiwe kupigwa baadaye. Mwana_wa_Sahare kaka yangu, siku ile ungechelewa kuandika saa moja tu. Basi tu.

Chembe wamenirudishia kwa ile namna ya ubavu, niliteremshwa mara mbili, ya kwanza nikapiga ukelele, ya pili dari likasimama. Mpaka leo nageuka kitandani ninavyotaka. Ya mchana napewa mazoezi, kusimama nyuma ya kiti mguu mmoja mbele, kugeuza macho bila kugeuza kichwa, vitu vinaonekana vya kitoto lakini jasho linatoka. Tochi ipo chini ya mto.

Haidroksiklorokwini bado hatujajua. Wa masikio angependa ipumzishwe tuone, wa viungo anasema vidole vyangu vimetulia kwa sababu yake na hajashawishika kwamba ndiyo yenye kosa. Wamekubaliana nipimwe tena usikivu baada ya miezi mitatu, ikiwa imeshuka zaidi ndio waamue. Mie nipo katikati yao kama kitambaa kwenye cherehani. Nyenje hajaondoka, nimeambiwa anaweza asiondoke, usiku nafungulia redio sauti ya chini anapata mwenzake.

Mashine ya sikio nimepata wiki iliyopita. Mdogo wangu Lupasi hapo ndio nina swali, nikivaa ushungi inalia fiiiii kama birika, nikiutoa inanyamaza, wateja wananiangalia. Yako nayo inafanya hivo au nimeivaa vibaya?

LupasiNaMimi

Hahaa karibu kwenye chama cha birika. Ni kitambaa kinabana sauti inarudi ndani ya mashine. Achana na zile shungi za kuvutika zinazobana, vaa kitambaa chepesi cha pamba, upande wa sikio ulegeze kidogo, pini iwe chini ya kidevu siyo karibu na sikio. Ikiendelea kulia hata bila ushungi basi kile kipira cha ndani ni kidogo kwako, rudi wakubadilishie saizi. Na usiku itoe uiweke kwenye kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, hewa ya chumvi ya hapa kwetu iliniulia ya kwanza.

BintiNgamiani

Viatu vipya navitoa wapi, ntamuomba muuza viatu wa hapo Barabara ya 12 anipe vipakiti peke yake 😂 Ushungi nashona mwenyewe kesho.